Uzi: Nasanifu tredimili ambayo mkanda wenyewe unameza kishindo. Njooni mnikosoe

SpanaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina mashine ya kukimbilia niliyoikuta imetupwa kwa sababu bodi ya umeme iliungua. Mota nzima, rola nzima, fremu haijapinda. Bodi nimeshabadilisha na inatembea vizuri. Sasa nataka kuigeuza maabara.

Kero yangu ni moja. Nikikimbia humo zaidi ya nusu saa, ugoko unaniuma kesho yake. Barabarani hauniumi hivyo. Na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina mfumo wa kumeza kishindo! Nikaifungua kuutafuta huo mfumo. Nikakuta raba sita, tatu kila upande, saizi ya kizibo, na juu yake ubao wa MDF wa milimita 22. Ubao nimeuweka kwenye mizani: kilo 18.

Nikasimama katikati, mzee mzima wa kilo 75, nikapima kwa rula. Umeshuka milimita 5. Kwa hesabu ya haraka, ugumu wa raba zote kwa pamoja ni kama kilonyutoni 150 kwa mita. Si ngumu kihivyo. Sasa mbona nasikia kishindo mpaka kwenye meno?

Nadhani nimemkamata mchawi, na ni ule ubao. Kisigino kikigusa, raba haziwezi kubonyea mpaka kwanza ubao wa kilo 18 uanze kushuka. Kitu kizito hakianzi kutembea papo hapo. Nimechukua nguvu inayopanda moja kwa moja hadi nyutoni 1,500 ndani ya milisekunde 25, nikapiga hesabu: milisekunde 10 za kwanza ubao unakuwa umeshuka nusu milimita na ushee tu. Kwa muda huo mguu umekutana na uzito wa ubao, springi bado hazijapata habari.

Kwa hiyo wazo langu: ulaini uhamie juu ya ubao. Mkanda wa tabaka tatu. Chini kitambaa cha polista kinachoteleza kama kawaida, katikati sponji ya EVA ya milimita 8 (ile ya soli za viatu), juu PVC yenye mikwaruzo. Mkanda wa sasa una milimita 2 tu.

Kosoeni kabla sijakata kitu.

TaaNyekundu

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Tupia na picha mkuu.

MzeeRola

Kijana, hesabu ya ubao nimeipenda. Ya mkanda hujaifanya.

Mimi nimekaa na mikanda ya viwandani miaka mingi, ile inayosafirisha mizigo. Kitu cha kwanza unachouliza kuhusu mkanda mnene ni unazunguka kwenye rola ya ukubwa gani. Pima kipenyo cha rola zako. Za mashine za nyumbani mara nyingi ni milimita 45 hadi 60. Tuseme yako ni 48, yaani nusu kipenyo 24. Kitambaa cha chini hakivutiki, ndicho kinachoshika urefu. Basi uso wa juu, milimita 10 kutoka kwenye kitambaa, unatakiwa urefuke kumi kwa ishirini na nne kila unapopita kwenye rola. Asilimia 40 na zaidi! PVC yako itapasuka kama udongo wa kiangazi.

Halafu hesabu mara ngapi. Mkanda una urefu wa mita 3 na kidogo, na ukikimbia kilomita 12 kwa saa unatembea mita 3.3 kwa sekunde. Unazunguka karibu mara moja kila sekunde. Rola mbili, basi kila kipande kinapindwa mara 7,200 kwa saa. Sponji inayopindwa hivyo inapata joto, gundi inalainika, tabaka zinaanza kuachana kuanzia pembeni.

Na kuna hili ambalo vijana huwa hamlioni: rola ya mashine hiyo si bomba lililonyooka. Shika rula uiweke juu yake, utaona katikati imetuna kidogo sana. Huo mtuno ndio unaourudisha mkanda katikati usitoroke. Mkanda mnene na mgumu haufuati mtuno. Utaenda kulia, utakaza boliti, utaenda kushoto, utakaza nyingine, utamaliza siku.

SpanaMbili

Mzee shikamoo. Nimepima. Ni 48 kamili, sijui umeionaje.

Rola kubwa haziingii, fremu haina nafasi. Nikipunguza sponji iwe milimita 4 na uso wa juu niuache uwe wa raba laini badala ya PVC?

MzeeRola

Marahaba. Milimita 4 bado ni taabu ila inaongeleka.

KisiginoChepesi

Habari zenu. Mimi nashughulika na viungo vya wakimbiaji, si mashine, kwa hiyo ya rola nawaachia.

Kaka SpanaMbili, uko sahihi kwamba kishindo cha kwanza ni cha haraka. Ukiangalia mchoro wa nguvu wa mtu anayetua kwa kisigino, kuna vilele viwili. Cha kwanza kidogo na chenye ncha, ndani ya milisekunde 50 za mwanzo. Cha pili kikubwa na cha mviringo, mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili, katikati ya mguso. Mguso mzima ni kama robo sekunde. Raba zako zinashughulika na kile cha pili. Cha kwanza, kama ulivyosema, kinakutana na ubao.

Lakini nina mawili ya kukuharibia starehe.

La kwanza, mwili si gunia la mchanga. Watafiti Ferris na Farley walishaonyesha miaka ya 1990 kwamba mtu akikanyaga sehemu laini, mguu wake unajikaza. Akikanyaga pagumu, unalegea. Anafanya hivyo bila kujua, ili mwili wake uendelee kupanda na kushuka kwa kiasi kilekile. Mwaka 2002 Kerdok na wenzake waliweka majukwaa matano ya ugumu tofauti ndani ya tredimili, kutoka kilonyutoni 945.7 kwa mita hadi 75.4. Kwenye laini kuliko zote miguu ilijikaza kwa asilimia 29, na nishati waliyotumia wakimbiaji ikapungua kwa asilimia 12. Soma hapo: ulaini uliwapa faida ya *nishati*, kwa sababu jukwaa lilibonyea na kurudisha kama springi. Habari ya kuumia ni swali jingine. Sponji inayobonyea isirudishe ni kukimbia kwenye mchanga, na mchanga unachosha.

La pili, una hakika ni ugumu? Kwenye mashine kila hatua ni pacha wa iliyotangulia. Hakuna kona, shimo wala jiwe la kukwepa. Ugoko unapigwa palepale, vilevile, hatua 160 na zaidi kwa dakika.

SpanaMbili

Dada KisiginoChepesi, hili la pili limenikaa vibaya kwa sababu sina jibu. Ila naweza kulijaribu: nikimbie wiki mbili kwa kubadilisha mwendo na mwinuko kila dakika chache, bila kugusa mashine. Kama ugoko utanyamaza, nitakuja hapa kuomba radhi ubao.

HatuaKumi

Samahanini, swali la kijinga. Tayari umevaa kiatu. Kiatu cha kawaida cha kukimbilia kina karibu milimita 30 za sponji chini ya kisigino, na wenye mashindano ya barabarani wamewekewa kikomo cha 40. Na hiyo sponji iko juu ya ubao, palepale unapotaka kuweka yako. Sasa unatuambia ubao ni mzito mno, dawa ni milimita 4 nyingine. Nne juu ya thelathini?

TaaNyekundu

Wewe unaita hilo swali la kijinga???

MzeeRola

Hahaha. Hapo umefungwa goli la kisigino.

SpanaMbili

Nimekaa na hili swali siku mbili kabla ya kujibu.

HatuaKumi uko sawa, na limenibadilishia mradi. Sponji mbili zikipangwa moja juu ya nyingine, mbonyeo unajumlishwa. Kama zinafanana, milimita 4 juu ya 30 ni nyongeza ya asilimia 13. Sawa na kununua kiatu kinene kidogo. Kwa anayekimbia peku au anayefanya mazoezi ya kutembea kwa soksi, hapo mkanda laini una maana kubwa, na nadhani ndio wateja wa kweli wa wazo hili. Kwangu mimi mwenye viatu, ni kiasi.

Ila hoja ya uzito bado imesimama, nilikuwa nimeikamata mkiani tu. Kama tatizo ni ubao wa kilo 18, kwa nini nauzungukia? Nipunguze ubao wenyewe!

Ubao wa kilo 18 juu ya springi ya kilonyutoni 150 unacheza mara 14 na nusu kwa sekunde. Kufika chini kabisa unachukua robo ya mzunguko, milisekunde 17. Nikiuleta kilo 7, raba zilezile, unacheza mara 23 kwa sekunde, na robo mzunguko inakuwa milisekunde 11. Unaanza kuitikia wakati kishindo bado kinapanda.

Kwa hiyo mpango mpya: ubao mwepesi, *na* mkanda laini mwembamba. Kila mmoja apewe kazi anayoiweza.

PembeTatu

Mbona hamuongelei mikanda ya vipande? Zile mashine kubwa ambazo mkanda ni mabamba membamba ya alumini yaliyovikwa raba, yamepangwa kama ngazi, yanatembea juu ya beringi. Hakuna ubao kabisa chini. Kila bamba lina uzito mdogo na linajipinda lenyewe.

MzeeRola

Ndiyo, na zile ndizo mashine ambazo mtu akizipanda anasema "ahaa". Msuguano nao unaisha. Kwenye mashine ya ubao mkimbiaji wa kilo 75 anakandamiza mkanda kwa wastani wa uzito wake wote, nyutoni 736. Ukichukua msuguano wa 0.2, ubao ukiwa umepakwa silikoni vizuri, unavuta nyutoni 147. Kwa kilomita 12 kwa saa hiyo ni karibu wati 490 za kusugua kitambaa tu. Beringi zinafuta sehemu kubwa ya hiyo.

Lakini bwana, beringi nyingi, boliti mbili kila bamba, na mabamba yote yawe na uzito sawa la sivyo mashine inaimba. Huyu kijana anafanyia kazi kibandani. Asianze na mlima.

DebeTupu

Mnajua kwamba mashine ya kukanyaga ilikuwa adhabu ya wafungwa? Mwingereza mmoja, William Cubitt, ndiye aliyeiingiza magerezani mwaka 1818. Leo tunaifungia raba iwe laini. Nimemaliza, endeleeni.

SpanaMbili

Wakuu nimerudi. Wiki tatu zimepita. Nianze na aibu.

Mkanda wa kwanza: kitambaa, sponji milimita 4, raba nyembamba juu, gundi ya viatu. Nikauacha usiku mzima chini ya mbao na matofali. Asubuhi nikaufunga, nikawasha kwa kilomita 4 kwa saa bila mtu. Dakika ya kwanza safi. Ya tano nikaanza kusikia *fyat, fyat, fyat*, mara moja kila mzunguko. Kuangalia, kiungo kimeanza kuinua mdomo. Nilikuwa nimekiunga kwa mstari ulionyooka kukatisha mkanda, kwa hiyo kila kikifika kwenye rola ya mbele kinapindwa chote kwa mpigo. Dakika ya 11 mdomo ukashika kwenye kifuniko cha mota, mkanda ukajikunja kama chapati, fyuzi ikakata. Raba ya juu ilikuwa na nyufa upana mzima, zimejipanga kama mistari ya daftari.

Mzee, naomba usiseme.

MzeeRola

Sisemi. Ila umejionyesha dawa mwenyewe hujaiona. Hizo nyufa zilizojipanga, mkanda unakuambia unataka kukatwa hapo. Ukate wewe kabla haujajipasua.

Chukua kisu, kata sponji na raba kukatisha upana, mkato kila milimita 10, mpaka karibu na kitambaa lakini usikiguse. Ukiwa bapa juu ya ubao, mikato imefunga na mguu hauioni. Ukifika kwenye rola inafunguka. Kwa milimita 6 juu ya kitambaa na rola yako, kila mkato utafunguka milimita 2 na nusu. Hakuna kinachovutwa tena.

Na kiungo kikate meno kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vikiingiliana. Kamwe usikate moja kwa moja.

SpanaMbili

Nimefanya mzee. Imefanya kazi. Inafunguka kwenye rola kama mashavu ya samaki anapovuta maji, nimekaa kuitazama kama mtoto.

Lakini inapiga filimbi! Kilomita 12 kwa saa inatoa mlio mmoja wa juu, na ukipunguza mwendo mlio unashuka. Mke wangu anaamini nimenunua kinanda.

PembeTatu

Mita 3.33 kwa sekunde, mkato kila milimita 10. Ni mikato 333 kwa sekunde inayofunga kwa kupiga kofi. Hz 333, hiyo ni noti kamili. Kata mshazari, ili kila mkato ufunge kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

MzeeRola

Mshazari wa upande mmoja utausukuma mkanda pembeni. Kata umbo la V, ncha iwe katikati ya mkanda. Pande mbili zinasukumana, zinamalizana.

HatuaKumi

Na vipimo? "Inahisi laini" siyo kipimo.

SpanaMbili

Nilikuwa nafunga simu kwenye ugoko kwa bandeji na kusoma kihisi chake cha mtikisiko.

PembeTatu

Angalia simu yako inasoma mara ngapi. Kama ni mara 100 kwa sekunde, kishindo cha milisekunde 30 kinapata vidoto vitatu. Kilele chenyewe kinaweza kupita katikati ya vidoto ukakikosa kabisa. Usifanye maamuzi na hicho.

Ukitaka kipimo cha heshima, tazama wanavyopima viwanja vya riadha: uzito wa kilo 20 unadondoshwa milimita 55 juu ya springi iliyokaa kwenye uwanja, wanasoma nguvu, wanalinganisha na ileile kwenye zege. Uwanja wa sintetiki unatakiwa upunguze nguvu kwa asilimia 35 hadi 50. Huna kifaa hicho, lakini kamera ya simu inayopiga picha 240 kwa sekunde unayo. Kila picha ni milisekunde 4. Chora mstari mweupe kwenye ukingo wa ubao na mwingine kwenye fremu, rekodi kwa pembeni.

KisiginoChepesi

Na yale majaribio ya kubadilisha mwendo, ulifanya? Au uliyasahau kwa sababu ya kisu?

SpanaMbili

Dada, nilifanya. Wiki mbili, mashine ileile ngumu, mwendo na mwinuko vikibadilika kila dakika tatu. Ugoko uliuma siku moja tu, badala ya kila siku. Kwa hiyo radhi yenu hii hapa: sehemu kubwa ya maumivu yangu haikuwa ubao. Ningeweza kuishia hapo na kuokoa gundi nyingi. Ila nyumba nzima imeshazoea kelele.

Sasa video. Ubao wa zamani, mkanda wa zamani: kisigino kinagusa, na picha mbili nzima mstari wa ubao haujaondoka kwenye mstari wa fremu. Soli ya kiatu inatanuka kwa pembeni, yaani sponji ya kiatu ndiyo inabeba kila kitu peke yake. Picha ya tatu ndipo ubao unaanza kushuka. Nimeirudia mara ishirini. Ile hesabu ya nusu milimita niliyoandika juu, nimeiona kwa macho.

Ubao mpya ni plaiwudi mbili nyembamba, katikati nimeweka vipande vya mbao vilivyopangwa kama sega la nyuki, juu shiti nyembamba ngumu inayoteleza. Kilo 7 na robo. Unaanza kushuka kwenye picha ya pili, na mkanda unabonyea kuanzia ya kwanza.

Mikato ya V imeua filimbi. Imebaki sauti kama ya mvua ya mbali.

Kasoro zilizobaki: vumbi linaingia kwenye mikato na kutoka kwenye rola ya nyuma, linamwagika nyuma ya mashine kama unga. Na nikikimbia taratibu kifundo cha mguu kinayumba kidogo kwenye kingo za mkanda, kwa hiyo sentimita 5 za kila upande nimeziacha bila sponji, raba ngumu ya unene uleule. Mguu ukipotea njia unagundua wenyewe.

KisiginoChepesi

Hiyo ya kingo ngumu ni nzuri sana, nitaiiba.

TaaNyekundu

Swali la mtu mwenye watoto. Mkanda umekuwa mnene. Ule mwanya wa nyuma, mkanda unapoingia chini ya kifuniko cha rola, umeupima upya? Na hiyo mikato inayofunguka hapohapo kwenye rola, kidole kidogo kikiingia wakati umefunguka si itafunga nacho?

SpanaMbili

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Naenda kuzima na kuchomoa waya sasa hivi.

SpanaMbili

Nimerudi. Mikato inafunga baada ya kutoka kwenye rola, upande wa chini, ambako mkono haufiki kirahisi. Juu inafunguka tu. Lakini mwanya wa kifuniko ulikuwa hovyo: upande wa kulia kidole changu cha mwisho kinapita. Nimekata kifuniko kipya cha bati kinachoshuka mpaka karibu na sakafu, na kamba ya kuzimia nimeifupisha ili mtu akirudi nyuma hatua moja tu ichomoke. Mpaka kifuniko kipigwe rangi na kufungwa, mashine inakaa bila waya.

MzeeRola

Hapo sawa. Na kabla ya rangi, kwangua kingo za hilo bati kwa tupa.